Mbegu za Bwana Harusi

Mara ya kwanza nilipoziona zikiogelea nilipiga kelele hadi shangazi yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani nimeona nyoka.

"Ziko hai!" nilimwambia. "Tata, ziko hai! Zote!"

"Nini iko hai?"

"Mbegu za Bwana Harusi!"

Sasa, siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi akina mama wa kanisa letu hukutana nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu. Zamu ilikuwa ya Tata. Sebuleni walikuwa wameketi wanawake wengi wenye vitambaa vyeupe kichwani, wakingoja chai, na mlango wa kati ya sebule na kibanda changu cha nyuma ulikuwa wazi kabisa. Maneno yangu yaliingia humo ndani yakaketi katikati yao. Nilisikia kikombe kikirudishwa kwenye sahani polepole.

Inanipasa nieleze haraka kwamba Bwana Harusi ni farasi.

Tata ni dada wa baba yangu. Tata ndivyo Wakikuyu tunavyomwita shangazi. Yeye naye ananiita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kwa hivyo hata anaponigombeza lazima anigombeze kwa heshima kidogo, jambo ambalo limeniokoa mara nyingi. Anaishi upande wa Naro Moru, ambako ana shamba la viazi na farasi majike kadhaa wapole. Jumapili na sikukuu majike hao huwazungusha watoto kwenye viwanja vya Nyeri na Nanyuki, wazazi wakipiga picha. Biashara hiyo ilikuwa nzuri, lakini majike walikuwa wanazeeka, na Tata alitaka wapate watoto wa kushika zamu. Ndipo mimi nilipomtafutia dume.

Nilimtafuta kwa muda mrefu kuliko watu wengine wanavyotafuta mume. Nilimpata kwenye shamba moja lililokuwa linafungwa kule Timau, dume wa hudhurungi mwenye soksi nyeupe miguuni na shingo ya kujivuna. Nilichora ukoo wake kwenye karatasi kubwa ya manila, baba, mama, babu, nyanya, nikaubandika ukutani kwa Tata nikaueleza kama mwalimu. Tata alimtazama dume mwenyewe aliposhuka kwenye lori, jinsi alivyosimama akanyoosha shingo na kuangalia majike mmoja mmoja, akasema, "Huyu anafanana bwana arusi." Jina likashika.

Lakini watoto hawakuja. Msimu mzima majike wote walipelekwa kwake, na wote wakarudi kwenye joto, wakitaka dume tena, kana kwamba hakuna lililotokea.

Basi, kuhusu mimi. Sikusomea farasi. Nilisomea ununuzi na ugavi katika chuo kimoja Nyeri mjini, na cheti changu kiko ndani ya bahasha, ndani ya plastiki, ndani ya bahasha nyingine. Ya farasi nimejifunza mwenyewe kwa simu, na hadubini yangu niliinunua kutoka shule iliyokuwa inauza vitu vya maabara. Mimi ni mtu wa kurudiarudia. Nikifunga mlango narudi kuuangalia, kisha narudi tena kwa sababu siamini nilivyouangalia. Nikiandika ujumbe naufuta na kuuandika upya hadi rafiki yangu anapiga simu kuuliza ni barua gani nimekuwa nikiandika tangu asubuhi. Nikikosea jambo dogo mbele ya watu, tumbo langu hulikumbuka mwaka mzima. Na sasa nilikuwa nimekosea jambo lenye uzito wa farasi mzima.

Kwa sababu Tata alikuwa amesema wazi. Daktari wa mifugo angekuja mwezi uliofuata kuwasawazisha farasi meno. Kama hadi siku hiyo hakuna jike mwenye mimba, Bwana Harusi angehasiwa, apoe, ajifunze kubeba watoto kama wengine. Hakukuwa na ukatili ndani yake. Dume asiyezalisha anakula nyasi bure, tena huwezi kumpandisha mtoto wa mtu mgongoni naye yuko tayari kuruka ukuta akisikia harufu ya jike. Nilielewa kabisa. Nililia tu kidogo nyuma ya ghala la nyasi, nikaenda kupasha moto kikombe.

Kikombe kilikuwa cha kukingia mbegu. Tuliifanya kazi hiyo watu wawili, mimi na Afande, anayetunza farasi wa Tata. Afande ni polisi mstaafu, mtu wa Magharibi, aliyewahi kupanda farasi kwenye gwaride. Alipostaafu watoto wake walikuwa shuleni Nyeri, akakataa kuhama. Ana kifua kipana na kicheko kinachowaamsha kuku. Juu ya kuzalisha farasi alijua kama nilivyojua mimi na kama anavyojua kila mtu wa huku, yaani alijua ng'ombe. Hakuna mtoto anayelelewa kwenye boma la maziwa asiyejua kwamba ng'ombe akionekana kwenye joto asubuhi anapandishwa jioni, akionekana jioni anapandishwa asubuhi, na ukichelewa umekosa. Tulifanya hivyo hivyo kwa farasi, tena kwa nidhamu ya kambini. Jike akianza kuinua mkia asubuhi, jioni anaoshwa, mkia unafungwa kitambaa safi, anapelekwa kwa Bwana Harusi mara moja, kisha anarudishwa kwa wenzake kama mtu aliyemaliza shughuli zake ofisini.

Dume anaposhuka huacha matone. Kazi yangu ilikuwa kuyakinga. Baridi ya Naro Moru huziua mbegu kabla hujasema lolote, kwa hivyo kikombe nilikipasha kwa maji ya chupa ya chai, na kioo cha hadubini nilikibana kwapani ndani ya sweta, nikitembea nacho uani.

"Daktari wa Simu," Afande aliniita hivyo, "mbona unatembea kama kuku amevunjika bawa?"

"Afande, shika farasi."

"Nimeshika. Ni wewe sijui nani amekushika."

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye kelele ya ile Alhamisi. Nilikuwa nimetarajia kuona matone matupu, au maiti. Badala yake niliona umati unaokimbia, vichwa mbele, mikia nyuma, kila mmoja na haraka zake. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo.

Mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mrefu ambaye hata mchungaji humwogopa, ndiye aliyezungumza kwanza sebuleni. "Hiyo kitu iko hai," alisema, "sisi tunaweza kuiona?"

Wakapanga foleni. Akina mama wa kanisa walipanga foleni kwenye kibanda changu, kila mmoja akivua miwani au kuvaa, wakafumba jicho moja na kuinama.

"Yesu wangu. Ni kama Karatina siku ya soko."

"Ngoja na mimi nione. Hii si soko. Hii ni vijana wamesikia kaunti inaandika kazi."

"Na zote hizi ni za nini, na inatakiwa moja?"

"Sasa unajua kwa nini wanaume hawaulizi njia. Kila mmoja anadhani anajua."

Walicheka hadi mmoja akalazimika kuketi kwenye ndoo. Mwenyekiti aliangalia kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na za mtu zinafanana hivi?"

"Karibu hivyo, mama."

"Hm," akasema, akaongeza kuangalia.

Ni yeye pia aliyeuliza swali nililoliogopa. Kama ziko hai zote, na zinakimbia hivi, mbona majike hawashiki?

Nilisema nitatafuta. Akina mama wakaliweka jambo hilo kwenye maombi yao, na nilimsikia mwenyekiti akimwambia Mungu, kwa sauti ya mtu anayekumbusha deni, amfungulie dada yetu yule mnyama wake.

Nilitafuta. Nilisoma hadi simu ikapata joto. Na nikapata jambo lililolingana mno na letu: kuna madume wa farasi wenye mbegu nzuri kwa macho, nyingi, zenye mbio, ambao bado hawazalishi ipasavyo, na sababu iko kwenye urithi wao. Nilimkimbilia Tata. Alikuwa jikoni akichagua maharagwe ya githeri, yale ya kupikwa na mahindi, nami nikamnyang'anya sinia.

"Tata, angalia. Kila farasi, kwa kila kazi ya mwili, ana maharagwe mawili. Moja alipewa na baba, lingine na mama. Hiyo ndiyo jeni."

"Sawa."

"Jekundu ni zima. Jeupe lina kasoro. Ukiwa na jekundu moja na jeupe moja, huna shida. Jekundu linatosha. Lakini dume akipata meupe mawili, mbegu zake zinaogelea, zinafika kwenye yai, halafu basi. Mbegu ina kofia kichwani, na kofia hiyo inatakiwa ifunguke ndiyo ipenye ndani. Yake inakataa."

Tata alilitazama harage jeupe. "Amefika mlangoni hana ufunguo."

"Ndiyo!"

"Na jike akiwa na haya meupe mawili?"

"Jike hana neno. Anazaa tu."

"Hiyo imenifurahisha," Tata alisema. "Miaka yote hii mtu akikosa mtoto ni mwanamke anaulizwa. Endelea."

Sikutaka kuendelea, kwa sababu kilichofuata kilikuwa ukutani, kwenye karatasi yangu ya manila. Ili dume apate meupe mawili, mara nyingi babu mmoja anakuwa ameingia kwa baba na kwa mama. Na babu wa Bwana Harusi, baba wa baba yake, ndiye pia aliyekuwa baba wa mama yake. Nililiona jambo hilo siku nilipouchora ule ukoo. Nilimwambia Tata ni dalili ya damu safi. Hata nilipiga mstari chini yake kwa kalamu ya kijani.

Tata aliinuka, akaiendea karatasi na mwiko wake, akafuata mistari kwa ncha ya mwiko hadi ikakutana.

"Maitu."

"Naam, Tata."

"Sisi tukienda kuposa, kitu ya kwanza tunauliza ni nini?"

"Nyinyi ni wa mbari gani."

"Tunauliza ukoo, tusije tukaoana ndugu. Hiyo ni watu. Na farasi hukumuuliza?"

Alicheka, ashukuriwe Mungu. Mimi nilicheka pia, lakini kwa ndani nilikuwa nimeketi sakafuni.

Kulikuwa na njia ya kujua hakika. Unang'oa nywele za shingoni pamoja na mizizi yake, unazituma kwenye maabara ng'ambo, wanasoma jeni. Afande alimshika Bwana Harusi, mimi nikang'oa. "Tulia, kijana," Afande alimnong'oneza, "hii ni kama alama za vidole. Kama hukuiba, utaachiliwa." Nilizifunga nywele kwenye karatasi, nikaandika anwani, nikaifuta, nikaiandika upya kwenye bahasha mpya, nikaenda nazo Nyeri mwenyewe. Kisha nikaanza kuishi kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mtu mwingine.

Matokeo yalinipata Kangema.

Binamu yangu alikuwa anaolewa, na Ijumaa hiyo tulishuka kwenda kulala kwa watu wetu ili Jumamosi tupokee ruracio, wageni wa upande wa kijana waje kuzungumza mahari. Asubuhi kabla ya kuondoka nilikuwa nimemwona jike wa kijivu, mkubwa kuliko wote, akiinua mkia. Nikamwagiza Afande ampeleke kwa Bwana Harusi jioni, mara moja, kama kawaida, hata kama sikuwa na tumaini. Nidhamu ni nidhamu.

Nyumba ya Kangema iko kwenye mteremko wa chai ambako simu hupata mtandao mahali pamoja tu, kando ya tangi la maji, ukiegemea kushoto. Wazee walikuwa wamejifungia sebuleni na mazungumzo. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa nje wakingoja, masufuria yamefunikwa, nyimbo zimeshaandaliwa kooni. Nami niliegemea kushoto, simu ikalia, nikafungua.

Mekundu mawili. Bwana Harusi hakuwa na harage jeupe hata moja. Kama babu yake alikuwa na kasoro, haikumfikia.

Sikukusudia kupiga kelele. Ilitoka tu, ndefu na nyembamba, ikavuka paa. Na wanawake wa upande wa kijana, ambao walikuwa wamengoja muda mrefu na miguu imechoka, wakadhani ndiyo ishara kwamba wazee wamekubaliana. Wakajibu kwa ngemi, yaani vigelegele. Zile ngemi zetu, ambazo mtoto akizaliwa hupigwa tano kwa mvulana na tatu kwa msichana, na kwenye sherehe hupigwa bila kuhesabu. Wanawake wa upande wetu wakaona wasipitwe. Wakapiga zaidi. Wimbo ukaanza. Watu wakawa wanacheza kuelekea mlangoni, na mlango ukafunguliwa kwa ghadhabu na mjomba wangu mwenye kofia.

"Ni nani amesema tumemaliza? Hata mbuzi hatujamaliza!"

Wimbo ukafa katikati ya neno. Macho yote yakafuata kelele hadi ilikotoka, na huko nilikuwa mimi, nimeegemea kushoto.

Tata alinivuta nyuma ya tangi. "Maitu, una nini?"

"Yuko sawa, Tata. Maharagwe yote mekundu. Bwana Harusi yuko sawa."

Uso wake ulianza kufunguka, kisha ukasimama. "Yuko sawa?"

"Kabisa."

"Basi mbona hazalishi?"

Na hapo ndipo furaha yangu yote ilipoteremka kwenye majani ya chai. Kwa sababu ugonjwa wenye jina ungekuwa sababu. Sasa hakukuwa na sababu, palikuwa na farasi mzima asiyefaa.

"Kama si ukoo ni yeye mwenyewe," alisema Tata, si kwa ubaya. "Daktari akuje tu."

Nilimpigia Afande kumpa habari, sikio la Tata likiwa karibu na simu. "Mambo iko shwari, Daktari," alisema haraka mno. Nyuma yake kulisikika mlio wa farasi, na kitu kama bati likianguka. "Hiyo ni redio," aliongeza kabla sijauliza.

Tulitaka kurudi Jumapili lakini mvua iliharibu barabara ya chini, tukafika Jumatatu mchana. Afande alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya uwanja wa majike, filimbi ya polisi shingoni, suruali imechanika gotini. Mbao za uzio zilikuwa chini. Ndani ya uwanja, bega kwa bega, wakila nyasi kama wazee waliooana zamani, walikuwa Bwana Harusi na jike wa kijivu.

"Afande," Tata alisema. "Hiyo ni redio?"

Afande alisimama akapiga saluti, nadhani kwa mazoea. "Madam, nilijaribu. Nimekimbizwa na wezi wa ng'ombe. Nimekimbizwa na wanafunzi wa chuo. Lakini hii farasi imenikimbiza mpaka kwa choo na ikanifungia huko."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipowasha gari Ijumaa. Alivunja uzio mkiwa bado hamjafika kwa barabara."

Nilifungua kinywa kulalamika, na jike wa kijivu akachagua wakati huo huo kumgeukia Bwana Harusi, akainua mkia, akasimama akimngoja. Bwana Harusi, ambaye alionekana amechoka, alikwenda. Sisi watatu tulitazama pembeni kwa adabu.

Kisha nikarudisha macho. "Afande, leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Na alianza kuinua mkia lini?"

"Ijumaa asubuhi. Si ni wewe uliniambia jioni nimpeleke?"

"Na bado anamtaka."

"Hajakataa hata siku moja. Mimi niko hapa kama shahidi."

Kitu kilianza kunitekenya nyuma ya masikio. "Tata, ng'ombe aliyeanza Ijumaa asubuhi, leo angekuwa wapi?"

"Ng'ombe?" Tata alisema. "Ng'ombe leo angekuwa amesahau hata jina ya bwanake."

Tukatazamana. Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka, na kilikuwa kicheko cha mtu aliyeona nguo yake imekuwa nje-ndani tangu asubuhi. Nilitoa simu. Ile kozi ndefu niliyojifunzia farasi, sura ya urithi nilikuwa nimeisoma hadi naijua kwa moyo. Sura ya kwanza, ile ya joto la jike, nilikuwa nimeiruka. Nilikuwa msichana wa boma la maziwa, ningefundishwa nini kuhusu joto? Sasa niliisoma nimesimama kwenye matope, kwa sauti. Jike wa farasi hubaki kwenye joto karibu wiki nzima. Yai lake hushuka mwishoni mwishoni. Asiharakishwe, apelekwe kwa dume kila baada ya siku moja hadi amkatae mwenyewe.

Sisi tulikuwa tunampeleka jioni ya kwanza na kumwondoa. Zile mbegu zote, ule umati wa Karatina, zilikuwa zinafika sokoni kabla muuzaji hajaamka, zinazeeka zikingoja.

"Kwa hivyo," Afande alisema polepole, "tumekuwa tukimpandisha kama ng'ombe."

"Kama ng'ombe."

"Na kumfunga mkia na kitambaa."

"Kitambaa safi, Afande," nilisema, na hapo akaanguka. Alirudi kuketi kwenye ndoo, ndoo ikakataa, akaenda chini akicheka miguu juu, na Tata akashika mbao ya uzio akicheka bila sauti, machozi yakimtoka, akirudia tu, "Jioni! Jioni!"

Lakini Tata ni Tata. Alipojifuta alisema daktari hataahirishwa, ameshaitwa. Angekuja baada ya wiki mbili na siku kadhaa. "Akija aangalie huyu wa kijivu kwanza. Kukiwa na kitu, Bwana Harusi amepona. Kukiwa hakuna, mimi nimengoja vya kutosha. Na kicheko yetu tutabaki nayo."

Siwezi kueleza vizuri zile wiki. Nilikuwa na furaha inayouma. Nilimlisha jike wa kijivu kwa mkono. Nilimwomba asikimbie, kisha nikaogopa kwamba asipotembea ni vibaya, nikamwomba atembee kidogo. Nilisoma sura ya kwanza hadi nikaanza kuota nimo ndani yake. Bwana Harusi alipokuwa akinitazama juu ya mlango wake, nilimwambia kwamba nimefanya ninaloweza, naye akala ukingo wa sweta yangu.

Daktari alifika asubuhi ya baridi, ukungu umeketi kwenye viazi. Ni kijana wa Meru mwenye haraka, mwenye buti safi kuliko zangu. Alitandika turubai, juu yake akapanga kamba za kumwangushia farasi, dawa ya usingizi, na vile vyombo ambavyo sikutaka kuvitazama. Bwana Harusi alitoa kichwa nje akanusa kamba kwa upole, kama mtu anayekagua nguo atakazovalishwa. Na akina mama wa kanisa, ambao hawakuwa na mkutano siku hiyo wala hakuna aliyewaita, walikuwa wanapita barabarani kwa bahati, wote, na mwenyekiti mbele.

"Tuanze na dume?" daktari aliuliza.

"Tuanze na jike," nilisema. Sauti yangu ilitoka mahali pengine. "Tafadhali. Jike wa kijivu."

Afande alimshika kichwani. Daktari alivaa glavu ndefu, akaingiza mkono na kile kifaa cha picha, skrini yake ndogo imening'inia shingoni. Nilisimama nyuma ya bega lake. Kwenye skrini palikuwa na ukungu mtupu, wa kijivu, unaosogea, kama barabara ya kwetu alfajiri. Akasogeza. Ukungu. Akasogeza tena. Nilihesabu pumzi zangu nikapoteza hesabu.

Kisha katikati ya ukungu pakatokea duara jeusi. Dogo, kamili, ukubwa wa kokwa ya makadamia.

"Haya," daktari alisema. "Mimba hiyo."

"Angalia tena."

"Dada, iko."

"Labda ni uvimbe."

Akaangalia tena. Ilikuwepo.

"Si mbili? Mapacha ni hatari kwa farasi, nimesoma."

"Ni moja," alisema, akiwa amekwisha kunizoea. "Ni moja, ni mzima, iko mahali pake. Nani ni baba?"

Sisi wote tuligeuka tukamwangalia Bwana Harusi. Alikuwa na kipande cha kamba mdomoni.

Tata alikwenda hadi kwenye turubai, akachukua kamba zile, akazikunja taratibu kama mtu anayeanua nguo, akazirudisha kwenye mfuko wa daktari, na kufunga zipu mwenyewe.

"Daktari," alisema, "kata meno peke yake."

Ndipo ubishi ulipoanza huko langoni. Mmoja wa akina mama alikuwa amekwisha vuta pumzi ya ngemi, mwingine akamkanyaga mguu.

"Ngoja! Unapiga ngapi?"

"Tano."

"Unajua ni dume? Na kama ni jike?"

"Basi tatu."

"Na kama ni dume, tumemtukana kabla hajazaliwa?"

Wakamgeukia daktari, akasema bado ni duara tu, hakuna anayejua. Wakanigeukia mimi, nikasema ni kweli, hata jeni hazijasema. Wakamgeukia mwenyekiti. Alifikiri kidogo, akarekebisha kitambaa chake kichwani.

"Nne," alisema. "Pigeni nne."

Wakapiga nne. Na kutoka ndani ya banda lake, kamba bado iko mdomoni, Bwana Harusi akalia ya tano.